Aliyepitishwa Juu ya Jeneza la Sibby

Josias Mungin aliletwa kisiwani Hessaw akiwa hajaota hata jino moja. Mama yake, Eula, alimvusha kwa mashua ya posta, akamweka mapajani pa Bibi Sibby, akanywa maji, akarudi na mashua ile ile kabla bahari haijapwa. Alikuwa amepata kazi ya jikoni katika nyumba ya Wazungu huko Savannah, na nyumba hiyo haikutaka mtoto. Baadaye akapanda treni kwenda New York, kama wengi wa rika lake. Kila Krismasi alituma nguo, na kila Krismasi nguo hizo zilimpwaya mtoto au zilimbana, kwa kuwa mama alikuwa akimpima kwa mawazo tu. Wazazi aliowajua Josias walikuwa wawili: Sibby, na mumewe Renty.

Watu wa Hessaw hawakuona ajabu. Katika visiwa vile vya Carolina ya Kusini, miaka michache kabla ya vita kuu ya pili, nyumba ya wazee isiyokuwa na mjukuu ndiyo iliyoulizwa imekosa nini.

Bibi Sibby alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye mikono isiyojua kutulia. Alipanda mpunga kidogo kwenye kinamasi nyuma ya nyumba, kwa mbegu aliyoachiwa na mama yake, akautwanga mwenyewe na kuupepeta kwa ungo alioufuma mwenyewe. Mapenzi yake kwa mjukuu yalipita katika makaripio. Akimwona Josias amekaa kimya humwuliza kama ameajiriwa kulinda hicho kiti. Akimwita asiitike humwuliza kama hayo masikio aliwekewa kwa pambo. Kisha humwekea wali mwekundu wa nyanya kwenye sahani yake mwenyewe, wakala pamoja, na ukoko wote ukawa wa mtoto.

Renty alikuwa wa namna nyingine. Alivuna chaza wakati wa maji kupwa, na maji yakijaa alisuka nyavu za kurusha. Maneno yake yalikuwa haba mno. Majirani walisema kwamba Renty akikuamkia mara mbili kwa siku moja, basi hiyo ya pili amekupa ya kesho kabisa. Josias alimpenda, lakini hakumwona mkubwa, na chanzo chake kilikuwa safari moja ya mjini.

Walikuwa wamevuka kwenda kununua viatu vya shule. Mtu mweusi hakuruhusiwa kuingiza mguu katika kiatu cha duka asichokuwa amekinunua, kwa hiyo Bibi Sibby alipima unyayo wa mtoto kwa uzi na kuufunga fundo, akauchukua mfukoni. Dukani walisubiri mpaka Wazungu wote walipohudumiwa, wakiwemo wale walioingia baada yao. Ndipo mtoto wa mwenye duka, ambaye kidevu chake kilikuwa laini kama yai, akamwambia Renty, mtu wa miaka zaidi ya sitini, “Haya kijana, unataka nini?” Renty akavua kofia. Akaitikia, “Viatu, bwana, ukipenda.” Josias akatazama sakafu, na hakuinua macho mpaka walipofika kwenye mashua.

Bibi Sibby alikuwa ameona. Wakiwa katikati ya maji, Renty akiwa mbele na makasia, alimwinamia mjukuu wake na kumsemesha kwa sauti ya chini.

“Unamwonea haya babu yako?”

Mtoto akavikumbatia viatu vyake vipya.

“Ameinama ili wewe urudi na viatu, na mimi nirudi na mume. Mrefu ndiye anayeinama, Josias. Mfupi akiinama nani atajua?”

Maneno hayo mtoto aliyasikia. Kuyaamini hakuyaamini.

Sibby alifariki mwishoni mwa Novemba, mpunga ukiwa umekwisha kuingia ndani. Ulikuwa ugonjwa wa kifua uliomshika ghafla. Kuhusu siku yenyewe waliokuwepo wanatofautiana. Wengine husema Jumanne, wengine Jumatano. Lakini wote wanakubaliana kwamba alikuwa akiwakaripia wauguzaji wake mpaka sauti ilipokatika. Josias alikuwa na umri wa miaka minane. Cato Fripp, seremala na rafiki wa Renty, alichonga jeneza la msonobari. Wanawake wakaimba mpaka kulipopambazuka, na asubuhi wakaanza kukusanya vitu ambavyo marehemu alivigusa mwisho: kikombe, kijiko, chupa ya dawa, taa. Hivyo vingevunjwa na kulazwa juu ya kaburi, ili visije vikamwita mtu mwingine wa nyumba ile.

Ilibaki desturi moja, nayo ndiyo iliyomhusu Josias. Mtoto aliyependwa sana na marehemu sharti apitishwe juu ya jeneza kabla halijashushwa. Wanaume husimama huku na huku, wakampokezana kwa mikono juu ya ubao, huku jina lake likitajwa, ili marehemu ajue kwamba mtoto huyu amemwachia aende zake, na asirudi kumchukua. Kwa kawaida hupitishwa watoto wachanga, na Josias alikuwa mkubwa kwa jambo hilo. Lakini Mama Tenah, mwenye kuongoza nyumba ya sala ya kisiwa, alisema kwamba hajapata kuona bibi aliyemshikilia mjukuu kama Sibby alivyomshikilia huyu, na kama yupo mtoto wa kupitishwa basi ni yeye. Akawakumbusha watu juu ya Cyrus Polite, aliyekataa mtoto wake apitishwe mkewe alipofariki. Mtoto yule alimfuata mama yake kabla udongo wa kaburi haujakauka.

Josias alikubali. Alikuwa amezoea kukubali. Aliyembadili mawazo ni Lavinia, binamu yake wa miaka kumi, aliyeishi nyumba ya pili, na ambaye hakupata kumwacha na amani tangu alipojifunza kutembea. Asubuhi ile walikuwa wamekaa nyuma ya banda la kuku, wamevalishwa nguo za kanisani.

“Wataweza kukuinua lakini?” Lavinia aliuliza. “Na hilo tumbo la ukoko?”

“Wataweza.”

“Mimi walinipitisha juu ya mama yangu. Nilikuwa na miaka mitatu.” Akang'oa jani, akalipasua katikati. “Tangu siku hiyo sijamwona. Hata kwenye ndoto. Hata kisogo chake tu. Wenzangu wanaota watu wao, mimi naota kuku.”

Josias akamwuliza kama ni kwa sababu ya kupitishwa.

“Sasa kwa sababu ya nini? Si ndiyo kazi yake? Wanafunga mlango.” Akalitupa lile jani. “Sura yake naambiwa tu.”

Hakulia Lavinia, wala hakuonekana kutaka kuhurumiwa.  Lakini tangu Bibi avute pumzi ya mwisho Josias alikuwa akijisemesha moyoni neno moja tu: atarudi usingizini. Kila mtu Hessaw alitembelewa na wafu wake. Walikuja, wakakaa kitandani, wakalalamikia chumvi ya mchuzi, wakaenda zao. Kumbe kwake yeye walikuwa wanakwenda kuuzuia ujio huo kwa mikono minne ya wanaume wazima, na mchana kweupe.

Makaburi ya watu wa Hessaw yalikuwa chini ya mialoni yenye ndevu za mimea ya kijivu inayoning'inia matawini, kando ya mkono wa bahari, mahali walipozikwa tangu enzi za utumwa. Lakini ardhi ile ilikuwa imenunuliwa na chama cha wawindaji, matajiri wa kaskazini waliokuja majira ya baridi kupiga ndege. Wenyeji waliruhusiwa kuzika kwa masharti: waingie kwa lango, wasipige kelele za kutisha ndege, watoke kabla jua halijazama. Msimamizi wa chama, Mzungu aliyeitwa Pruitt, ambaye wenyeji walimwita Kapteni, alikuja na farasi wake kusimamia kila mazishi. Siku hiyo wageni wa chama walitarajiwa jioni, naye alikuwa na haraka.

Mhubiri alisema yake kwa kifupi. Wimbo ukaimbwa kwa sauti ya chini, jeneza likawekwa juu ya mbao mbili zilizolazwa juu ya shimo. Cato Fripp akasimama upande mmoja, mwanawe upande wa pili. Mama Tenah akamshika Josias bega, akamsogeza mbele.

“Sitaki,” alisema Josias.

Mama Tenah alidhani ni woga. Akamwambia kwamba kupitishwa hakuumizi mtu, ni kama kuvushwa kijito. Cato akamwinamia na kumshika kwapani, na mtoto akajishikiza kwenye mzizi wa mwaloni uliotokeza ardhini, kwa vidole vyote, hata suruali ya kanisani ikapasuka gotini. Watu wakaanza kunong'ona. Mwanamke mmoja akasema mtoto huyu kadekezwa. Mwingine akasema shika miguu, utoto huu usitucheleweshe. Pruitt, juu ya farasi, akatazama jua, akauliza kwa sauti kubwa kuna shida gani tena.

Hapo ndipo Renty Mungin alipoondoka pale aliposimama kichwani pa jeneza. Alitembea polepole mpaka kwenye mzizi ule, akamwondoa Cato kwa kumgusa mkono tu, akapiga magoti katika majani makavu, macho yake yakawa sawa na macho ya mjukuu wake.

“Hutaki nini?”

Josias akamweleza, kwa kwikwi, habari ya Lavinia na mlango unaofungwa. Akasema kwamba wakimpitisha Bibi hatakuja. Akasema yeye anataka aje.

“Renty,” aliita Pruitt. “Jua linakwenda. Nyanyua huyo mtoto, mmalize.”

 Watu wote walijua Renty atavua kofia, atasema ndiyo bwana, na atamwinua mtoto kama mtu anavyoinua gunia. Josias naye alilijua hilo, akafumba macho.

“Nakusikia, Kapteni,” alisema Renty. Kofia ilibaki kichwani, na magoti yakabaki ardhini. Hata shingo hakuigeuza. “Kabla jua halijazama tutakuwa tumetoka. Sasa hivi nazungumza na mjukuu wangu.”

Haikuwa sauti ya ugomvi. Wale waliokuwepo, na waliosimulia jambo hili wakiwa wazee, wanasisitiza kwamba ilikuwa sauti ya mtu anayeeleza hali ya hewa. Farasi akabadilisha mguu. Ikawa kama ile mialoni yote imesogea karibu kidogo ili isikie. Josias alifumbua macho, akamwona babu yake. Kofia ilikuwa ile ile na ndevu za mvi zile zile, lakini mtoto alishikwa na kitu ambacho baadaye, katika utu uzima wake, alikilinganisha na kusimama ufukoni usiku wa kuamkia dhoruba, maji yalipotulia kupita kiasi. Hakujua kwamba ukubwa wa namna hiyo ulikuwa ukikaa nyumbani kwao, ukisuka nyavu kwenye kibaraza.

“Bibi yako nimeishi naye miaka arobaini na tatu,” Renty akamwambia. “Nimemsikia akisema, akiimba, akikoroma. Mimi nimeshiba, Josias. Wewe ndiye hukushiba.”

Akainuka kwa kushikilia mwaloni. Akamgeukia Mama Tenah, akamwuliza kama desturi inadai mtoto au inadai mtu wa nyumba.

Mama Tenah alikunja uso. Akasema tangu azaliwe hajaona mtu mzima akipitishwa.

“Hilo sikukuuliza, dada.”

Mama Tenah akafikiri. Hakuwa mtu wa kuipinda desturi, na aliijua kazi aliyokabidhiwa na waliomtangulia. Mwisho akasema kwamba marehemu hutafuta mtu wa kuandamana naye, na akionyeshwa kwamba aliyempenda zaidi amemwachia, huenda peke yake na kwa amani. Lakini akamwonya Renty: akipitishwa yeye, ndiye atakayefungiwa. Sibby hatakanyaga tena usingizi wake, hata akiishi miaka mia.

“Najua,” alisema Renty. Akavua viatu, akavipanga pembeni.

Wanaume sita walihitajika. Renty hakuwa mnene, lakini makasia na chaza vilikuwa vimemjaza mifupa mizito. Walimlaza juu ya mikono yao chali, kofia kifuani, macho yakiangalia matawi. Cato Fripp, aliyebeba kichwa, alinong'ona kwamba mzee huyu inaonekana alikuwa akila chaza pamoja na maganda, na kicheko kikawatoka watu, kicheko cha puani, cha kuzuiwa, na hata Mama Tenah alifunika mdomo. Kisha kicheko kikakatika chenyewe, kwa kuwa mikono ya upande wa pili ilikuwa imenyooshwa, na mzee alikuwa angani.

Alipita juu ya jeneza la mkewe polepole mno, kama mashua inayopita juu ya mwamba na mwenyewe anajua mwamba upo. “Sibby,” aliita Mama Tenah, “huyu ni Renty. Renty wako. Amekuachia, nawe mwachie.” Wakampitisha kwenda, wakampitisha kurudi, wakampitisha kwenda tena. Machozi yalimtoka yakatiririka kuelekea masikioni, kwa vile alikuwa chali, na hakuinua mkono kuyafuta. Josias alikuwa bado ameshika mzizi. Alitaka kupiga kelele kwamba basi, amekubali, wampitishe yeye; lakini sauti haikumjia, na mzee akawa amekwisha kusimamishwa upande wa pili, akitafuta kofia yake ambayo alikuwa ameishika.

Walitoka langoni jua likiwa bado juu ya miti.

Waliosimulia hawakubaliani kama Pruitt alimlipizia Renty kwa siku ile. Wengine husema msimu huo hakumnunulia chaza, na kwamba aliwaambia wapishi wa chama wapate kwingine. Cato alisema yeye hakuliona hilo. Lililo hakika ni kwamba kuanzia kesho yake, nyumba ya Mungin ilikuwa na swali moja kila asubuhi. Renty alikuwa akikoroga uji wa mahindi, mtoto akitoka chumbani, na kabla ya salamu mzee aliuliza bila kugeuka:

“Amekuja?”

“Hapana, Babu.”

Hapo huongeza chumvi, wakala. Ikawa hivyo Desemba nzima. Ikawa hivyo Krismasi ilipopita na nguo za Eula zikaja, mikono ikimpita mtoto vidole. Josias alilala akijilazimisha kuota. Alilalia kitambaa cha kichwa cha Bibi. Alikula ukoko mwingi kabla ya kulala kwa kuwa aliambiwa tumbo zito huleta ndoto, akaota anafukuzwa na bata. Na kila asubuhi alimwona babu yake amepungua, shati likimning'inia, na mtoto akaelewa jambo ambalo hakuna aliyemwambia: mzee alikuwa ametoa kitu kikubwa, na mpaka sasa hakuna aliyekipokea.

Lavinia alikuwa na ushauri. “Mwongopee. Sema alikuja, akakwambia umsalimie. Huoni mzee wa watu anaisha?”

Asubuhi moja ya Januari Josias alitoka chumbani amekwisha kuyapanga. Alifungua mdomo, na Renty, aliyekuwa akimtazama safari hii, akamtangulia.

“Usinipe maneno matupu,” alimwambia. “Nikitaka maneno nitakwenda kwa mhubiri. Wewe nataka unipe yeye.”

Mtoto akafunga mdomo. Na kama kuna jambo ambalo watu wa Hessaw walilisema juu ya Josias Mungin maisha yake yote, tangu alipokuwa kijana kwenye kiwanda cha kubandua chaza maganda, akaenda vita vya baadaye na kurudi, akawa mjenzi wa mashua na baba wa mabinti wanne, ni kwamba hakuongeza wala hakupunguza. Wakigombania mpaka wa shamba walimwita. Wakitaka kujua marehemu fulani alisema nini hasa, walimwita. Kama hakuona, alisema sikuona, akarudi kwenye randa yake.

Ilikuwa Februari, na haikuwa usiku. Maji yalikuwa yamepwa, Josias alikuwa amemsaidia babu yake kuvuna tangu alfajiri, na mchana akalala juu ya rundo la nyavu kibarazani, jua likimpiga miguuni. Alipoamka Renty alikuwa kando yake, sindano ya kusukia mkononi. Mtoto alikaa, akamgeukia. 

“Babu. Alikuja.”

Sindano ikasimama.

“Alikuwa anafanya nini?”

“Anapepeta mchele. Pale uani. Nilikwenda nikasimama nyuma yake.”

“Alivaa nini?”

“Lile gauni lenye kiraka mgongoni. Kichwani kitambaa cha buluu.”

“Akakwambia nini?”

Josias alisita, maana halikuwa neno la maana, wala halikustahili yote yaliyolipiwa. Lakini ndilo alilopewa.

“Alisema, ‘Hebu sogea huko, unanizuilia upepo.’”

 Mabega ya Renty yalianza kutikisika, na mtoto akaogopa, mpaka alipogundua kwamba mzee anacheka, anacheka na huku uso wote umelowa.

“Aligeuka?” aliuliza alipoweza.

“Hapana, Babu. Hakugeuka. Niliuona mgongo tu na ungo.”

“Basi ni yeye,” alisema Renty. “Angegeuka ningekwambia umeota mtu mwingine. Sibby akiwa na ungo mkononi hamgeukii hata mfalme.” Akaiweka sindano chini, akavuta kiti karibu na rundo la nyavu, akaegemea mbele kwa viwiko, kama mtu aliyefika mapema kanisani ili akae mbele. “Sasa anza tena. Ulitokea upande gani wa ua?”